Jinsi ya kufuatilia historia ya kituo kidogo cha TV Marekani: leseni ya nani, kinaendeshwa na nani, kilirusha netiweki gani

Hii shughuli niliianza kwa sababu ya antena ya bei chee niliyoibandika dirishani. Niliposkani chaneli zikaja zile kubwa zote, alafu katikati ikatokea moja ina jina la ajabu, herufi nne, kistari, LD, inaonyesha sinema za makauboi mchana kutwa na matangazo ya dawa za magoti. Wiki mbili baadaye ikawa inauza mikufu na pete. Mwezi uliofuata giza, hakuna kitu. Nikataka tu kujua hiki kituo ni cha nani jamani, nikadhani ni kazi ya dakika kumi, ikanila wikiendi tatu nzima, na muda mwingi niliupoteza kwa kuanza na mwisho. Kwa hiyo nakuandikia njia niliyoishia kuitumia, ukiwa na kompyuta na subira inatosha.

Kwanza ujue unadili na mnyama gani. TV za nguvu ndogo, zile wanazoziita LPTV, zilianzishwa rasmi na FCC, ile tume ya mawasiliano ya Marekani, mwaka 1982. Kabla ya hapo kulikuwa na transileta tu, mitambo midogo ya mlimani inayodaka matangazo ya kituo kikubwa na kuyarusha upya kwa watu wa bondeni, hizo zipo kisheria tangu 1956. Kidogo chenyewe kikiwa cha dijitali kwenye UHF, yaani zile chaneli za masafa ya juu, kinaruhusiwa mwisho kilowati 15, wakati kikubwa kinaweza kufika 1,000. Lakini nguvu sio shida kubwa, shida ni cheo. Kituo kidogo ni raia daraja la pili, kikigongana na kikubwa kwenye masafa basi kidogo ndo kinafungasha virago. Ndo maana historia zake ni za kuhamahama, chaneli inabadilika, mnara unabadilika, mji kwenye leseni unabadilika, mwenyewe anauza, anayenunua naye anauza. Ukikutana na kituo ambacho hakijahama hata mara moja kwa miaka thelathini hebu kagua tena, huenda umeruka ukurasa.

Sasa chukua karatasi, ipige mistari miwili ya wima upate safu tatu. Ya kwanza andika LESENI, ya pili ANAYEENDESHA, ya tatu NETIWEKI, yaani mtandao unaokipa kituo vipindi vya kurusha. Usiichukulie poa hii hatua. Watu wengi wanaandika "mmiliki" wanamaliza, alafu historia yote inaenda kombo, maana mwenye leseni anaweza kuwa mmoja kwa miaka kumi huku waendeshaji wanne wamepita mle ndani kama wapangaji.

Mfano mzuri kuliko wote ninaoujua ni wa Chicago, chaneli 6. Chaneli 6 ya analogi ilikuwa na utamu wake, sauti yake ilikaa kwenye 87.75 MHz, yaani redio ya kawaida ya gari ukiizungusha mpaka 87.7 ulikuwa unaisikia. Kwa hiyo kwenye karatasi kilikuwa kituo cha TV, watu walikisikiliza kama redio, na kuna waliojua hiyo ni biashara. Mwaka 2009 kilikuwa kinapiga jazi laini kwa jina WLFM-LP. Mwaka 2012 kampuni ya Merlin Media ikakichukua kwa mkataba, jina likawa WKQX-LP, muziki ukawa roki mbadala. Mwaka 2014 wakaingia Tribune na redio ya michezo, jina WGWG-LP. Mwaka 2015 wakaja Weigel na nyimbo za zamani wanaziita MeTV FM, jina WRME-LP. Ukiangalia kwa nje utaapa kimeuzwa mara tatu. Safu ya kwanza inasema hapana, leseni muda wote huo ilikuwa ya watu walewale, Venture Technologies Group, wengine wote walikuwa wanakodi. Safu ya pili imejaa mpaka pembeni, safu ya kwanza ina mstari mmoja.

Na hapohapo Chicago kuna funzo la pili. Ukisachi WKQX peke yake utapata redio ya FM ya 101.1 iliyolitumia jina hilo miaka mingi, alafu jina likaegeshwa kwenye hii chaneli 6, alafu 2014 likarudi 101.1. Ukisachi WGWG utapelekwa Charleston, South Carolina, kituo cha nguvu kamili kabisa ambacho hakihusiani na michezo ya Chicago hata kidogo. Sisi tuliokulia na ITV na Channel Ten tumezoea jina ndo kituo. Kule kolsaini, yaani hayo majina ya herufi, ni kama jezi, leo kavaa huyu kesho kavaa yule.

Kwa hiyo usifuate kolsaini, fuata namba. Kila kituo kina namba ya FCC inaitwa Facility ID, na hiyo haibadiliki hata kituo kikiuzwa, kikihama chaneli au kikipewa jina jipya. Njia rahisi ya kuipata ni kufungua RabbitEars, tovuti ya wapenzi wa antena, unaandika kolsaini ya sasa au unachagua mji, unabonyeza kituo, namba iko hapo na taarifa za mnara na chaneli ndogo zote zinazorushwa. Iandike juu kabisa ya karatasi yako, kwa kalamu nyekundu kama unayo. Kuanzia hapo kila nyaraka utakayofungua uangalie kwanza kama namba ni hiyo, isipokuwa hiyo funga, usisome hata kama inavutia.

Majina ya zamani nayo yanaongea ukijua kuyasoma. Herufi ya mwanzo ni K au W, mpaka ni mto Mississippi, mashariki W na magharibi K, japo kuna vighairi vya enzi za mababu. Kituo kidogo kikipewa kibali kinaanza na jina la kimashine, tuseme W38ZZ. Hiyo 38 ni chaneli yake, na zile herufi mbili za mwisho zinagawiwa kwa foleni, AA, AB, AC na kuendelea. Kikihama chaneli jina linabadilika lenyewe, hivyo kituo kilekile kinaweza kuwa na majina matatu ya kimashine kabla mtu hajakiombea herufi nne za maana. Ukiona D mwishoni kabisa ujue ni cha dijitali. Kwenye herufi nne sasa kuna viambishi, LP ni nguvu ndogo ya analogi, LD ni nguvu ndogo ya dijitali, CA ni daraja A la analogi, CD ni daraja A la dijitali. Kutoka LP kwenda LD sio mauzo wala jina jipya, ni mtambo tu umebadilishwa, nimeona watu wanaandika kama tukio kubwa kumbe fundi kazima kimoja kawasha kingine.

Hilo daraja A lilitokana na sheria ya 1999. Kituo kidogo kilichokubali kurusha angalau saa 18 kwa siku na wastani wa saa tatu kwa wiki za vipindi vilivyotengenezwa hukohuko eneo lake, kilipewa ulinzi dhidi ya kufukuzwa. Kwako mtafiti faida yake ni moja kubwa, vituo vya daraja A vinatakiwa kuweka faili lao la umma mtandaoni, humo unakuta nyaraka ambazo kwa vituo vidogo vya kawaida utazitafuta kwa tochi.

Haya, sasa twende jikoni. Mfumo wa FCC unaitwa LMS, uko wazi kwa yeyote, hauhitaji akaunti kwa kusoma. Tafuta kituo kwa ile namba yako, fungua orodha ya maombi, panga kuanzia ya zamani. Usiogope urefu wa orodha, mengi ni ya kiufundi. Unachotafuta kwa ajili ya safu ya kwanza ni aina mbili. Moja ni kuhamisha leseni, yaani kampuni A inampa kampuni B leseni yenyewe. Ya pili ni kuhamisha udhibiti, hapo leseni inabaki kwa kampuni ileile ila hisa za kampuni zimebadilisha mikono, kwa hiyo jina kwenye leseni halijaguswa lakini bosi ni mwingine. Hii ya pili ndo inawapiga watu chenga.

Nyaraka zilizotoka kwenye mfumo wa zamani, CDBS, unazitambua kwa namba zake ndefu, na ukizizoea unazisoma kama bati la gari. Tuseme umekutana na BALTTL-20060315ABC. BAL ni kuhamisha leseni, TTL ni kituo kidogo cha TV cha UHF, alafu inafuata tarehe ya kuwasilisha ombi, mwaka mwezi siku, 15 Machi 2006, na herufi za mwisho ni za foleni ya siku hiyo. Ikianza na BTC ni udhibiti umehama. BLSTA ni kituo kimeomba ruhusa ya kukaa kimya. Zile za LMS zenyewe ni tarakimu kumi kavu zinaanza na masifuri, hazikwambii kitu mpaka uzifungue.

Hapa nikuambie kosa langu ili lisikukute. Nilikuta ombi la kuhamisha leseni, FCC imeandika imekubali, nikafurahi nikaandika mmiliki mpya na tarehe, nikasambaza kabisa kwa washikaji. Miezi baadaye narudi naona kampuni ya zamani bado inasaini maombi. Nikachanganyikiwa. Kumbe FCC kukubali maana yake ni "mnaruhusiwa kuuziana", sio "mmeuziana". Baada ya ruhusa wana siku 90 za kukamilisha, alafu wanatuma taarifa kwamba tumemaliza. Yangu haikuwa na taarifa hiyo, mnunuzi alikosa hela au alighairi, biashara ikafa kimyakimya. Kwa hiyo tarehe ya kuandika ni ya kukamilisha, na kama huioni basi angalia ombi linalofuata limesainiwa na nani.

Usiruke viambatisho. Mara nyingi mkataba wa mauzo wenyewe umeambatishwa, bei imo, na nyuma kabisa kuna orodha ya vitu vinavyouzwa. Huwa napenda hizo orodha kuliko kitu chochote, antena moja, kisambazaji kimoja, rafu, kiyoyozi, waya futi kadhaa, kompyuta ya kucheza vipindi. Hapo ndo unajua kituo kilikuwa ofisi yenye watu au kibanda chenye feni chini ya mnara. Na cha kwangu kilikuwa kibanda.

Kila mwaka wa namba witiri vituo vya biashara, hata hivi vidogo, vinajaza ripoti ya umiliki, fomu 323. Hiyo inasaidia sana kwa sababu wenye leseni wengi ni makampuni yenye jina la herufi na namba tu, yametengenezwa kushika leseni basi, na 323 inakuonyesha nani yuko juu yake na juu ya huyo nani tena. Pia kila mwombaji ana namba ya usajili ya FCC inaitwa FRN, ukiifuata inakuonyesha ndugu wote wa kampuni hiyo. Ikikwama hapo, nenda kwenye sajili ya makampuni ya jimbo husika, kusachi jina mara nyingi ni bure.

Jiandae kukuta mtu mmoja ana utitiri wa vituo. Vile vikomo vya umiliki vinavyowabana wakubwa haviwahusu wadogo. Angalia Lima, Ohio, mji wa kawaida tu. Kulikuwa na kituo kikubwa cha biashara, WLIO cha NBC, na pembeni vituo vidogo vya kampuni nyingine vilivyokuwa vinarusha ABC, CBS na Fox. Mwaka 2009 Block Communications, waliokuwa wenyewe wa WLIO, wakavinunua vile vidogo. Netiweki nne kubwa za nchi, mwenyewe mmoja, mji mmoja. Kwa vituo vikubwa vinne hilo lisingepita mlangoni.

Ukikutana na pengo ambalo hakuna ombi lolote, tafuta zile ruhusa za kukaa kimya. Sheria inasema kituo kikikaa bila kurusha miezi 12 mfululizo leseni inakufa. Kwa hiyo utaona kituo kimezimwa Machi, kimewashwa siku chache Februari, kimezimwa tena, mwaka baada ya mwaka. Kwenye safu ya netiweki usijaze kitu hapo, hata kama tovuti yao bado ilikuwa inasema "tazama nasi", andika kimya.

Ukiona chaneli imeruka ghafla, angalia mwaka kabla hujaumiza kichwa. Mnada wa masafa wa FCC uliofungwa 2017 uliuza kipande cha juu cha UHF kwa makampuni ya simu, TV zikabanwa chini ya chaneli 37. Vituo vidogo vya kawaida havikuruhusiwa kuuza kwenye mnada wala havikulindwa, vilipewa tu dirisha la kuomba chaneli nyingine mwaka 2018. Alafu 13 Julai 2021 analogi ya vituo vidogo ikazimwa, ukiacha Alaska waliosogezewa. Zingatia pia kwamba namba unayoiona kwenye skrini ya TV sio lazima iwe chaneli halisi ya mtambo, kituo kinaweza kujionyesha 48 huku kinarusha kwenye 17. Andika zote mbili.

Sasa safu ya tatu, netiweki, na hapa FCC haikusaidii sana. Wao wanajali leseni na masafa, kwamba kituo kidogo kilikuwa kinarusha netiweki ya UPN au mahubiri au muziki sio kitu utakikuta kimepangwa vizuri kwenye faili. Unarudi kwenye njia za kizamani. Vitabu vya mwaka vya Broadcasting vimeskaniwa na kuwekwa kwenye tovuti ya World Radio History, vina sehemu ya vituo vidogo, vinachelewa mwaka mmoja au miwili nyuma ya ukweli ila vinakupa pa kushika. Magazeti ya mji husika yalikuwa na gridi za vipindi, maktaba nyingi zinakuruhusu kuzifungua kwa kadi yao. Fungua gridi ya wiki ya kwanza ya kila Januari na ya kila Septemba, ukiona vipindi vimebadilika rudi katikati wiki kwa wiki mpaka uione siku yenyewe. Inachosha, ila ndo kazi.

Tarehe za netiweki zenyewe zinakufupishia safari. The WB na UPN zote zilianza Januari 1995, kabla ya hapo mtu akikuambia kituo kilikuwa cha UPN anakudanganya. Zote zikafa Septemba 2006, ikaja The CW na MyNetworkTV, kwa hiyo Septemba hiyo karibu kila afilieti wao, yaani kituo kilichokuwa kinarusha vipindi vyao, alihama au alibaki yatima. The Box, ile ya kupiga simu kuomba video ya muziki, ilikuwa kwenye vituo vidogo kibao, na 1 Januari 2001 ikageuzwa MTV2. Azteca América ilizimwa mwisho wa 2022. Na kama kituo chako kilikuwa cha Equity Media, wale wa Little Rock, Arkansas waliokuwa wanalisha vituo vya nchi nzima kwa setilaiti kutoka jengo moja, basi ujue walifilisika Desemba 2008 na vituo vikapigwa mnada 2009, hapo safu zote tatu zinabadilika kwa mpigo na lazima uende polepole.

Kwa miaka ya karibuni tumia Wayback Machine, ile hifadhi ya kurasa za zamani za tovuti, lakini usiishie kwenye tovuti ya kituo, fungua ukurasa wa netiweki yenyewe wa "tunapatikana wapi" na uangalie mwezi ambao kituo chako kimeingia na mwezi kimetoka. Bado kuna ujanja kidogo, tangu dijitali ije kituo kimoja kinarusha chaneli ndogo hata nane, hivyo "afilieti wa netiweki fulani" inaweza kuwa kwenye .5 huko mwisho huku .1 ni mauzo ya mikufu. Andika namba ya chaneli ndogo kila mara, usiandike kituo kizima.

Alafu kuna Youtube. Watu wamepandisha kanda zao za VHS, walikuwa wanarekodi mpira au tamthilia, katikati kinapita kile kibao cha sekunde tano chenye kolsaini, chaneli na mji. Simamisha video hapo, soma kila herufi. Mimi kibao kama hicho kiliniamulia ugomvi wa vyanzo viwili vilivyopishana mwaka mzima, kwa sababu chini yake kulikuwa na nembo ya netiweki na tangazo la sherehe za mji zenye tarehe.

Ukiandika kwa watu wa kituo wenyewe, uliza kitu kimoja chenye tarehe, usiulize "naomba historia yenu". Mara ya kwanza niliuliza hivyo sikujibiwa na mtu. Mara ya pili nikamwandikia fundi aliyesaini ombi la kiufundi, nikamuuliza tu mtambo wa zamani ulizimwa lini, akajibu usiku huohuo aya nne, pamoja na habari za nyuki waliojenga ndani ya rafu.

Mwisho unaweka safu tatu pamoja na kila mstari unaandika umeupata wapi, namba ya ombi, gazeti la tarehe gani, video gani dakika ya ngapi. Usipopata acha wazi. Cha kwangu safu ya leseni imekamilika, wenyewe watano, safu ya waendeshaji ina wawili, na safu ya netiweki ina tundu kati ya kiangazi cha 1997 na masika ya 1998 ambalo gazeti la mji lilikuwa haliorodheshi kabisa hiyo chaneli. Nasubiri mtu apandishe kanda.